Pedali Sita na Harusi ya Ankililoaka

Jumatatu, 8 Julai 2019
Leo nimebadilisha baiskeli yangu kwa kisanduku. Jamaa wa hotelini aliyekuwa nacho alidhani natania. Ni pedali ya gitaa yenye kumbukumbu: unapiga kipande, unaikanyaga, nayo inakirudia peke yake mpaka uikanyage tena. Sasa ninazo sita. Ya mwangwi, ya kukwaruza sauti, ya kuitetemesha, hii mpya, na mbili ambazo sijajua kazi zake. Jumamosi tunapiga harusini, upande wa Ankililoaka. Mpiga solo wetu ni Rembao, shemeji yangu. Ana pedali moja tu, imefungwa kwa mpira. Enzi yake imekwisha.

Jumatano, 10 Julai
Nimezifunga zote juu ya ubao mzuri, mpana. Soanavy, mke wangu na mwimbaji wa bendi, akauliza kwa upole mlango wa kabati lake umekwenda wapi. Nikamwambia muziki una gharama zake. Jioni hakupika.
Nilipowasha, zikavuma kama nyuki. Nikapanga upya: ya kukwaruza mbele, ya mwangwi nyuma. Nyuki wakanyamaza. Ikaingia redio, padri anahubiri.

Ijumaa, 12 Julai
Rembao alikuja mazoezini, akauzunguka ubao wangu.
“Shemeji, mlango huu unapigwa au unafungwa?”
Bendi nzima ikacheka. Nikacheka nao, kwa uchungu.
Mpango ni huu: kesho nitapiga kipande, kisanduku kikirudie, kisha niweke gitaa chini niende kucheza huku likilia lenyewe. Soanavy akashauri nijaribu kwanza kukizima. Nikamwambia kuzima ndiyo kazi rahisi.

Jumapili, 14 Julai
Mwili wote unauma. Jana tulikwenda kwa gari la ng'ombe, ubao wangu umefunikwa blanketi kama mgonjwa. Vipaza sauti vikafungwa mtini, jenereta ikawashwa, watu wakaanza kutimua vumbi.
Nikapiga kipande changu. Nikakanyaga. Nikaweka gitaa chini, nikajitosa katikati ya wachezaji. Vigelegele! Nikacheza na bibi harusi, nikacheza na nyanya yake, ambaye ana nguvu kuliko mimi.
Nikarudi kuzima. Vumbi limefunika ubao, pedali zote rangi moja. Nikakanyaga: mwangwi. Nikakanyaga: mkwaruzo. Nikakanyaga moja ya zile mbili. Bado sijui kazi yake. Kipande sasa kinanguruma kama trekta. Soanavy ananitazama, maneno ya wimbo yamemwishia. Nikainama nichomoe nyaya zote.
Rembao akanishika mkono. “Usiiguse, shemeji. Iache hivyo hivyo.”
Akapiga juu yake. Sijawahi kumsikia akipiga vile. Soanavy akatunga maneno papo hapo, ya kumsifu nyanya. Wazee wakavua viatu. Bwana harusi akambeba Rembao mabegani. Ilinyamaza tu mafuta ya jenereta yalipokwisha. Nilikusudia kununa, lakini miguu ilikuwa bado inacheza.

Jumanne, 16 Julai
Amekuja mjumbe wa ukoo wa jirani. Wana harusi mwezi ujao. Wanamtaka Rembao, wanamtaka Soanavy, na ile mashine, “aje nayo yeyote anayeweza kuibeba.”
Nimeguswa sana. Sijawahi kualikwa kwa heshima namna hii. Soanavy anasema sikusikia vizuri.
Kisanduku kimoja kimefanya hayo yote, viwili je? Jamaa wa hotelini anacho kingine. Atakubali kitanda. Soanavy yuko sokoni mpaka saa kumi, na nimeshatoa godoro.