Wateja kwa Rangi Zao

Jumatatu, 23 Oktoba

Siku imeanza vyema. Shangazi Pasing amepanda boti ya asubuhi kwenda Bacolod kutibiwa jicho. Atarudi Ijumaa. Hakujaliwa kuzaa, ana sisi wawili tu, mimi na binamu yangu Jovelyn. Bandarini alitamka wazi: atakayelitunza duka lake vizuri wiki hii ndiye atakayeachiwa.

Duka lenyewe ni la batchoy, supu yetu ya tambi, sokoni La Paz. Meza sita, tambi, maini, na sufuria ya mchuzi wa mifupa ambayo kila mtu hapa Iloilo anadai aliijua tangu utotoni. Jovelyn amepika pale tangu amalize shule. Mimi sijawahi kukaanga hata yai. Lakini nina asichokuwa nacho: uzoefu.

Kwenye kompyuta za kuchezea kwa sarafu za Kaka Isko kuna mchezo wa binti mwenye mkahawa. Wateja wanaingia, unawaketisha, unawapelekea chakula, unafuta meza. Kila mteja ana mioyo juu ya kichwa. Ukichelewa, mioyo inapungua. Ikiisha, anaondoka kwa hasira. Nimemaliza hatua zote. Nimeokoa mikahawa mitatu na hoteli!

Nilimweleza Jovelyn haya. Akauliza kama nimewahi kumenya kitunguu. Wivu.

Tumegawana kazi: yeye jikoni, mimi mbele.

Jumanne, 24 Oktoba

Wateja halisi hawana mioyo juu ya kichwa. Kasoro kubwa. Nimelazimika kukisia kwa nyusi.

Kasoro ya pili: hawaondoki. Mchezoni mtu akimaliza bakuli, analipa na kutoweka. Hapa anainua bakuli na kuomba mchuzi zaidi, bure, halafu tena. Mzee Tasyo, dereva wa pikipiki ya abiria, ameongezewa mpaka nikasahau kama aliwahi kuagiza tambi. Nikalichukua bakuli kwa kasi, kijiko kikiwa bado mdomoni mwake.

Akaniambia kwa upole, “Mwanangu, hata marehemu mke wangu alikuwa ananisubiri nimeze.”

Duka zima likacheka. Jovelyn akatoka jikoni na kumjazia bakuli jingine. Anauharibu mfumo.

Jumatano, 25 Oktoba

Nimepata siri ya ushindi! Mchezoni, ukimketisha mteja wa fulana nyekundu kwenye kiti chekundu, unapata alama maradufu. Na bahati iliyoje: uchaguzi wa mtaa ni Jumatatu ijayo. Nusu ya mtaa imevaa fulana za kijani za Kapteni Dolleton, mkuu wa mtaa, nusu nyingine fulana za rangi ya chungwa za mpinzani wake, Bi. Montaño. Hata mbunifu wa mchezo asingepanga vizuri zaidi.

Nimeazima viti vya plastiki kwa majirani. Kijani kulia, chungwa kushoto.

Jovelyn aliviona akaweka upawa chini. Akasema msimu huu watu huja kwetu makusudi ili wachanganyike, maana nje hawasalimiani. “Teryo, ukiwatenga watahesabiana.”

Nikamjibu kwamba kuhesabiwa si ugonjwa. Mpishi hajui mikakati.

Alhamisi, 26 Oktoba

Asubuhi ilikwenda sawia. Watu waliketi nilipowaelekeza, wakishangaa kimya kimya. Heshima, nilidhani.

Mke mmoja wa rangi ya chungwa aliingia na mume wa kijani. Nikawatenganisha. Mke akaniuliza, “Nalala naye na fulana yake hiyo hiyo. Wewe nani wa kututenga?”

Mchana, wa kushoto waligundua kwamba feni iko kulia. Wa kulia waligundua kwamba sufuria iko kushoto. Kisha mtu akaanza kuhesabu vichwa kwa sauti. Kila upande ukatuma wajumbe kuwaita wenzao waje kujaza viti. Watu wakafurika hadi mlangoni. Foleni! Mchezoni foleni ni dalili ya mafanikio. Ila hakuna aliyeagiza. Walikuja kukaa tu.

Kapteni akafika kupeana mikono. Bi. Montaño akafika na ngoma. Kijani wakasema nimehongwa na chungwa. Chungwa wakasema nimehongwa na kijani. Hatimaye wakakubaliana kwamba nimehongwa. Wakatoka wote pamoja, wakavuka soko hadi kwa mshindani wetu, wakaketi kule wamechanganyika kama saladi.

Nadhani nimewapatanisha. Hakuna aliyenishukuru.

Ijumaa, 27 Oktoba

Duka tupu. Jovelyn ameshinda akitembeza sufuria ya mchuzi kwenye kituo cha pikipiki na majumbani, akiomba radhi. Kujidhalilisha huko!

Shangazi amerudi, jicho moja limefungwa bendeji. Nilimwonyesha meza zinavyong’aa. Nikamhakikishia kwamba siku nzima hakuna mteja hata mmoja aliyeondoka na hasira.

Alikaa kwenye kiti cha kijani.

“Teryo, mimi nimefungwa jicho moja tu. Wewe umefungwa mangapi?”

Duka amempa Jovelyn. Mimi nimeruhusiwa kuja kula, na kukaa kiti chochote.

Jumapili, 29 Oktoba

Baada ya misa nilipita dukani. Wateja wamerudi. Wameketi ovyo, kijani kwa chungwa, wakisukumana viwiko na kuinua mabakuli. Mzee Tasyo anaongezewa mchuzi. Mfumo hakuna kabisa. Nawahurumia.

Nimetafakari kwa unyenyekevu nilipokosea. Nimegundua: viti vya kijani vilikuwa vimepauka.

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Kaka Isko ameweka mchezo mpya, wa kinyozi. Unamketisha mteja, unanyoa, unafuta shingo, anayefuata. Nimefika hatua ya tisa bila kumkata mtu sikio, isipokuwa wale wa mwanzo. Na shemeji yangu Dodong, mwenye kibanda cha kunyolea kando ya kanisa, Jumanne anasafiri kwenda arusini Cebu.

Nimemwambia aniachie ufunguo na wembe.