Kinywa cha Liwali wa Mkwajuni

"Ijulikane kwa wakazi wote wa Mkwajuni, waungwana na wageni, kwamba kuanzia leo Serikali ina kinywa."

Hivyo ndivyo lilivyoanza tangazo, na aliyelitangaza ni mimi, Sadallah, kwa kuwa kinywa chenyewe kilikuwa ndicho mimi. Wadachi walikuwa bado hawajapandisha bendera yao pwani. Mji wetu upo kati ya Bagamoyo na Saadani, na aliyeutawala kwa niaba ya Seyyid wa Unguja alikuwa Liwali Nasor bin Azzan, mtu mwenye kilemba kizuri na subira ndogo.

Sababu ya tangazo ilikuwa ya hekima tupu. "Zumari ina kinywa," Liwali aliniambia siku aliyoniita. "Buruma ninayovutia tumbaku ina kinywa. Itakuwaje Serikali ikose?" Wapo wenye midomo waliodai kwamba sababu hasa ni punda aliyemwangusha njia ya Mkange akampunguzia meno ya mbele, na kwamba tangu hapo kila akitamka neno lenye herufi sini hutoka mluzi. Ni kweli punda alikuwapo, na ni kweli meno hayakuwapo. Lakini Serikali haiongozwi na punda.

Mimi nilichaguliwa kwa ujuzi. Nilikuwa mpiga zumari wa harusini, mzaliwa wa Dunda kule Bagamoyo, na pumzi zangu ni ndefu. Utaratibu ulikuwa hivi: Liwali ananong'ona sikioni mwangu, mimi natamka. Neno nililotamka mimi ni neno la Liwali. Neno alilotamka Liwali mwenyewe ni sauti tu, kama sauti ya mlango, wala halimfungi mtu. Hilo la mwisho aliliongeza yeye, ili watu wasije wakamshika kwa jambo alilowaahidi njiani. Unguja walipelekewa tangazo, wakalisifu.

Kazi yetu kubwa ya kwanza ilikuwa kisima. Kisima cha mji kilikuwa nyuma ya nyumba ya Liwali, na kila alfajiri wanawake walifika kuteka, wakizungumza na kucheka. Asubuhi moja Liwali aliniita, macho mekundu, akaninong'oneza, "Wananikatiza usingizi hawa. Wafukuze."

Neno kama hilo hulitoi bichi. Nilikwenda barazani nikatamka: "Kwa ajili ya kuyahifadhi maji ya umma dhidi ya matumizi ya umma, kisima kinapumzishwa hadi itakapotangazwa vinginevyo." Mzee mmoja alisema hajawahi kusikia Kiswahili kizuri hivyo, akauliza maana yake. Nilipomweleza, alikwenda zake bila kuaga.

Basi wanawake wakawa wanateka mtoni, bondeni, kwenye mamba. Mamba hakuwa amesikia tangazo lolote. Alimkamata Tabia, binti wa Bi Mosi muuza vitumbua, mguu juu ya kifundo. Wenzake walimpiga mamba kwa mitungi mpaka akamwachia. Tabia alipona, ila kutembea kukawa shida.

Jioni ile mke wangu Miza aliniwekea sahani ya muhogo mkavu. Bega lake lilikuwa limechubuka kwa mtungi. Nilikula, ukanikwama kooni, nikaomba maji.

"Mwambie Liwali akunong'oneze," akasema, akaingia ndani.

Kesho yake Bi Mosi alikuja barazani. "Shikamoo, Liwali."

Liwali alinyamaza, kama ilivyotakiwa. "Marahaba," nikajibu mimi.

Bi Mosi alinigeukia. Ni rika la mama yangu. "Sikukuamkia wewe, mwanangu. Wewe ndiye wa kuniamkia mimi."

"Nimeitikia kwa mamlaka niliyopewa, Bi Mosi."

"Haya. Tunaomba kisima chetu."

Liwali alinivuta kanzu, akaninong'oneza, "Bahari ile pale. Akateke."

"Serikali," nikatamka, "inapenda kuwakumbusha wakazi kwamba Mungu ameujalia mji huu maji yasiyo na mwisho, upande wa mashariki."

"Yana chumvi."

"Hilo la chumvi limepokelewa na litafikiriwa."

"Sadallah, maneno haya ni yako au ni yake?"

"Ni yake."

"Na mguu wa mwanangu ni wa nani?"

Niligeuka kupokea jibu. Liwali alikuwa anaangalia pete yake. Hakuninong'oneza kitu, nami nikabaki nimesimama mbele ya yule mama, mdomo wazi, bila neno. Katika harusi zote nilizopiga sijawahi kuona aibu ya namna ile. Nilidhani ni uchovu.

Mwezi uliofuata alifika mjumbe kutoka Unguja, akikagua miji ya pwani. Alikuwa hajawahi kuonana na Liwali wetu. Baraza lilijaa. Mjumbe aliketi, akajifuta jasho, akasema, "Nimetembea tangu asubuhi na hakuna aliyenipa hata maji. Mji huu hauna kisima?"

Liwali alininong'oneza haraka, "Mwambie kimekauka. Mwambie pia nimechoka kuwatumikia watu hawa wasio na shukrani, wanipe na mshahara mkubwa zaidi."

Nilivuta pumzi. Kule nyuma Tabia alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, mguu wa pili umefungwa kaniki, amemwegemea Miza. Miza hakuwa ananitazama. Alikuwa ananitazamia.

"Liwali anasema," nikatamka, "kisima kina maji, na kinafunguliwa sasa hivi. Anasema pia kwamba amechoka kuwatumikia watu hawa, na anaomba apumzishwe."

Sehemu ya kauli hiyo ilikuwa yake kabisa. Kwa kazi ya Serikali, hicho ni kiwango cha juu cha uaminifu.

Liwali aliruka kitini. Alisema maneno mengi, yote yenye sini. Ndege mmoja juu ya mkungu wa jirani akamjibu.

"Anasema nini?" Mjumbe akaniuliza.

"Anashukuru."

"Tangazo lenu nililisoma mimi mwenyewe," Mjumbe akasema, "nikalipenda. Neno lake ni lile ulilotamka. Mwambie amekubaliwa, na Mungu ampe mapumziko mema."

Nikainama, nikamnong'oneza Liwali sikioni.

Alfajiri iliyofuata kelele za kisimani zilirudi. Nilimsindikiza Miza kubeba mtungi, na tulipofika tulimkuta Nasor bin Azzan amesimama pembeni bila kilemba, ana ndoo. Watumishi wake walikuwa wa cheo, na cheo kilikuwa kimeondoka. Alimwomba Bi Mosi amsaidie kuteka.

Bi Mosi alimpa kata ya maji, akamngoja anywe. "Umeamkaje, Nasor?"

Alijibu kwa kinywa chake mwenyewe, mluzi na yote. Hakuna aliyecheka.

"Haya, shika kamba," Bi Mosi akamwambia. "Mvutie kwanza Tabia, hawezi kuinama."

Akashika kamba, akavuta. Nami nilisimama pale karibu, kifua mbele, nikingoja kuambiwa niseme nini. Hakuna aliyeniambia kitu.