Kidude cha Mlangoni na Darasa la Jumamosi

Jumatatu, 4 Machi

Mkutubi Mkuu katuita ofisini kwake asubuhi, mimi na Bwana Waya. Habari mbaya. Kamati ya chuo inakutana Jumatatu ijayo kugawa fungu la huduma za nje ya maktaba, na safari hii huenda sisi tukaambulia patupu. Yaani kwaheri sanduku la vitabu tunalopeleka sokoni kila Jumatano. Kwaheri darasa la kisomo la Jumamosi! Watu wazima kumi na tisa, chumba cha nyuma, wanajifunza kusoma na kuandika. Wanafunzi wangu. Niliwapokea wakiwa wanashika kalamu kama wameshika mwiko.

Nikauliza kamati hutazama nini. Mkuu akasema hutazama hesabu za kidude cha mlangoni, kile kisanduku chenye taa nyekundu. Kila anayekatiza mbele yake, kinaongeza moja. Wastani wetu kwa siku ni themanini na sita. Aibu!

Bwana Waya, fundi wetu wa kompyuta, hakusikitika hata kwa adabu. Chumba cha nyuma anakitaka yeye, ajaze mashine zake. Nilimwona akikipima kwa macho. Atapima sana.

Mkuu kasema tuandike ripoti ya kweli na tumwachie Mungu. Mimi nina wazo bora zaidi. Na nisifiche, shajara ni yangu: darasa likipona kwa juhudi zangu, nani mwingine atafanywa mratibu wa huduma hizo? Mwenye meza yake. Na kibao cha jina.

Jumanne, 5 Machi

Penye nia pana njia, na njia yenyewe ni mlango. Leo nimeingia na kutoka mara mia mbili na kumi na moja. Nilianza na visababu: chaki, barua, kuangalia kama mvua inakuja. Saa tano visababu vikaisha, nikawa natembea tu.

Mlinzi akaniuliza kama tumbo limechafuka. Nikasema ndiyo. Masikini, akanikorogea maji ya chumvi na sukari, akanifuata nayo ndani, akasimama hadi nikamaliza kikombe. Ladha mbaya mno. Ila kuingia kwake na kutoka kwake kidude kilihesabu. Haba na haba hujaza kibaba!

Magoti yanawaka moto. Mke wangu kauliza nilikuwa napanda mlima gani. Nikamjibu mlima wa elimu. Hakucheka.

Jumatano, 6 Machi

Magoti yamegoma kabisa. Nikamwomba Mkuu aende yeye sokoni na sanduku la vitabu. Akakubali. Uwanja ukabaki wangu.

Kidole kimoja hakivunji chawa, kwa hiyo nimemtumia shemeji. Ana kikundi cha mazoezi, watu thelathini na wawili, hukimbia kila asubuhi kuzunguka chuo. Nilimwomba awapitishe kwetu: waingie, wazunguke rafu za historia, watoke. Mara tano. Shemeji akauliza faida yake ni nini. Nikamwambia thawabu. Akasema thawabu haitoshi, nitamsaidia kuhama nyumba. Sawa.

Walikuja na filimbi! Sikutegemea filimbi. Wanafunzi wa uhasibu, waliokuwa wanajisomea mtihani, walipanda juu ya viti. Mama mmoja mnene alikwama kati ya rafu mbili, ikabidi tutoe vitabu vya vita vyote ndipo apite. Lakini mia tatu na ishirini, kwa nusu saa! Bwana Waya akapiga picha kwa simu yake. Apige. Kijicho hakijengi.

Alhamisi, 7 Machi

Leo nimejizidi mwenyewe. Joto kali, na pipa la maji ya kunywa la chuo kizima liko pale kwenye korido, halimsaidii yeyote kuingia maktaba. Nikalisukuma hadi ndani, mwisho kabisa, karibu na vitabu vya sheria. Nikabandika mshale.

Chuo chote kikaja. Wanafunzi, walimu, wafyeka nyasi, hata mkuu wa taaluma na kikombe chake. Kidude kilikuwa kinawaka kama kimepandisha mashetani. Elfu moja na mia tisa!

Hasara: maji yamezidi unga, vitabu sita vya sheria vimevimba. Faida: Bwana Waya aliteleza mbele ya watu. Hasara tena: hakuumia.

Ijumaa, 8 Machi

Mkuu kaona hesabu. Kaniuliza nini kimetokea. Nikasema watu wameanza kupenda vitabu. Akanitazama juu ya miwani muda mrefu, kisha akatazama mshale wangu, kisha akanitazama tena.

Ameambatisha ukurasa kwenye ripoti, kusema hesabu za wiki hii zina walakini. Mwanamke mwaminifu mno, atatuua. Bahati nzuri ni mimi niliyetumwa kupeleka ripoti. Ule ukurasa niliusahau kwenye droo yangu. Kwa makusudi kidogo.

Jumamosi, 9 Machi

Darasa. Wote kumi na tisa wamekuja. Mbele kabisa Mama Cherehani, mshona nguo, na ubao wake mdogo. Nyuma yake mzee fundi baiskeli, anayeandika huku ametoa ulimi.

Ikabidi niwaambie kwamba huenda darasa likafungwa. Nawapenda watu hawa, hilo nalisema wazi. Mama Cherehani akauliza kama wao hawawezi kuiandikia hiyo kamati. Nikamwambia mama, haya mambo tuachie sisi wataalamu. Kisha, kamati isije ikakikagua kidude chenyewe, nikawapanga mstari, wakapita mlangoni, ndani na nje, mara kumi. Walipita kwa utii, madaftari kifuani. Mzee wa baiskeli akauliza kama hili nalo litatoka kwenye mtihani.

Jumatatu, 11 Machi

Nimeula wa chuya!

Tulikaa kwenye kamati, Mkuu na mimi, na Bwana Waya aliyejialika. Mwenyekiti akasifu hesabu zetu. Akasema hajawahi kuona. Nikatabasamu, nikanyoosha tai. Kisha akaeleza kwamba fungu hili ni la kuwafuata watu wasiofika maktaba. Maktaba iliyofurika namna hii itamfuata nani tena sokoni? Tena kwa msongamano huo, chumba cha nyuma kinahitajika kwa kazi nyingine. Bwana Waya akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayekubali mahari.

Nilitaka kusema. Nitasema nini? Kwamba mia mbili na kumi na moja kati ya watu hao ni mimi?

Hapo Mkuu akatoa karatasi moja kwenye mkoba. Ililetwa kwa mlinzi Jumamosi, baada ya darasa. Ya Mama Cherehani. Akaisoma polepole, nami nainakili ilivyokuwa:

"Kwa kamati. Mimi nashona nguo. Miaka yote nilifunga uzi wa rangi kwenye kila kitambaa ili nijue ni cha nani. Uzi ukikatika nilikuwa napoteza mteja. Sasa naandika jina la mtu kwa chaki. Msifunge. Herufi kubwa bado hatujamaliza."

Chini yake majina kumi na tisa. La mzee wa baiskeli lilichukua mistari miwili.

Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, haikuwa chafu. Mimi nililia, na sioni haya. Kamati imetoa fungu la muhula mmoja, darasa na sanduku, kisha itatazama upya. Mratibu ni Mkuu mwenyewe. Kuhusu zile hesabu, akawaambia atawaletea maelezo, na mimi ndiye nitakayeyaandika. Kabla ya hapo nirudishe pipa.

Jumanne, 12 Machi

Nimerudisha pipa. Mgongo umekufa. Njiani nimetafakari sana, na kosa langu nimeliona. Wiki nzima nimehangaika na mlango, kumbe kamati inaguswa na barua!

Muhula ni mfupi, lazima kuanza mapema. Nimejifungia chumba cha nyuma tangu saa mbili. Naandika kwa mkono wa kushoto, ili mwandiko uwe wa mtu anayejifunza. Nimeshamaliza barua za kinyozi, madereva watatu na mpishi wa hospitali.

Mama Cherehani alipita saa nane. Aliomba karatasi za mistari, anataka kumwandikia binti yake barua, ya kwanza maishani. Nikamwambia aniwie radhi, karatasi zote zina kazi ya darasa. Akasema haidhuru, atarudi.

Sasa niko kwa wajane. Wa pili kanitoa machozi.