Vita vya Thuwein bin Amur na Nundu ya Ng'ombe

Sogezeni majamvi yenu, enyi mnaochambua karafuu, wala mikono isisimame kwa kuwa masikio yana kazi. Maana yanakuja masimulizi ya vita ambavyo Pemba haikupata kuviona tangu kuumbwa kwake, na haikuviona hata siku vilipopiganwa, kwa kuwa watu walikuwa wakila.

Palikuwa na ukoo huko Ole, ukoo wa Amur, mashuhuri kwa mikarafuu, kwa maringo, na kwa kufa. Wanaume wake walipofika umri wa kuanza kupata akili, moyo uliwabana wakaanguka. Amur mwenyewe alianguka akifunga kilemba. Mwanawe mkubwa, Abrahman, alianguka akianua karafuu, na mvua ikazikuta zote uwanjani. Kila maziko, mabingwa hao wa hekima walisema ni husuda. Wakamwendea mganga wa Kiuyu, akawaamuru wanywe mafuta ya kondoo kila asubuhi. Wakanywa. Wakazidi kufa, ila kwa ngozi laini.

Akabaki Thuwein, mwana wa pili, simba wa samli, mwenye madoa ya manjano juu ya kope ambayo shangazi zake waliyaita alama ya riziki. Kifua kilipoanza kumbana njiani, alikwenda kwa daktari mjini Wete. Damu yake ikapelekwa Unguja, na jawabu likarudi kwamba imejaa mafuta, na mafuta hayo kayarithi kwa babaye.

"Dawa ya kuyamaliza sina, Bwana Thuwein," akasema daktari. "Acha samli, nyama ya mafuta, viini vya mayai na tui zito. Na bintiyo mlete nimtazame."

Bintiye, Badriya, akaonekana na uvimbe mgumu nyuma ya visigino, sawasawa na wa babu yake. Damu yake nayo ilikuwa ile ile.

Tangu hapo shujaa akala changu wa kuchemsha kwa ndimu, akiguna kama mfungwa, na mkewe Bi Umkulthum akilinda chungu kama askari wa forodha. Jikoni Thuwein alikuwa jasiri. Mbele za watu alikuwa mwoga wa waoga. Kaburi halikumtisha kama alivyomtisha Mzee Nassor, mjomba wake, mzee aliyekula kila chenye mafuta na hakufa, akadhani ni ushujaa.

Hata mwaka wa hamsini na tisa, karafuu zimekwisha kuuzwa, Mzee Nassor akaoza mjukuu. Na desturi yao ilikuwa hivi: nundu ya ng'ombe, ikisha kuiva kwa samli, ni ya mrithi wa Amur, aile mbele za watu, akishindwa, hupelekewa mtoto wake.

Wakaketi wanaume kuzunguka sinia. Mzee Nassor akaichukua nundu kwa mkono wake mwenyewe, akaiweka mbele ya Thuwein, nayo ikatetemeka na kumeta kama sultani aliyetoka hamamu.

"Ewe mwana wa dada yangu," akanena, "hiki ndicho kiti chako. Alikikalia baba'ko, akakikalia kaka'ko."

"Na sasa wako wapi, mjomba?"

"Kwa Mola wao, nao walikwenda wameshiba. Weye wataka kwenda na njaa?"

"Mwache, Mzee," akasema Hija, jirani mwenye mdomo. "Bi Umkulthum kampa ruhusa ya mchele tu."

Wakacheka hata punje zikawatoka. Harufu ya iliki na samli ikamshambulia shujaa puani kama jeshi lenye bendera. Vidole vyake, wasaliti wale, vikatambaa kuelekea kwa adui, vikaigusa, vikarudi vinang'aa. Akavifuta kwenye kanzu.

"Sili," akasema, kwa sauti ya panya.

"Basi desturi ni desturi," akasema Mzee Nassor. "Mwanamize, chukua hii kwa wanawake, mpe Badriya, na aimalize."

Mwanamize, mtumishi wa karamu, akainua sahani. Hapo ndipo Thuwein, ambaye hakupata kusimama mbele ya mjomba wake ila kwa kuagizwa, akasimama. Akaikamata nundu kwa mikono miwili, mafuta yakimchuruzika mpaka viwikoni.

"Enyi jamaa," akanena, "niiteni mwoga, niiteni mtumwa wa mke, na kesho mkasimulie sokoni. Mjomba, weye damu ya Amur huna, ndiyo maana wala na kuzeeka. Mwanangu anayo. Mafuta haya kwake hayafiki."

Akatoka nayo, kanzu imeharibika, watu wamemtolea macho, akaitupa ukutani palipokuwa na paka wa jirani. Paka hakutoa hotuba. Alikula.

Na ijulikane Ole na Mtambile, Unguja na Mrima, kwa waliozaliwa na watakaozaliwa: siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu ukoo wa Amur upande mkarafuu, mrithi wake alitoka karamuni na njaa, akarudi kwake kwa miguu yake, bintiye akimfuata.