Mama Mukwe Amenikamata Ndani ya Betoni ya Vita

Leo nimeaibika. Nasema mwenyewe, maana watu wa soko wataongeza chumvi.

Muke wangu, Mama Zaina, alikasirika akaenda kwa mama yake, njia ya Kabambare. (Nilisema sombe yake, yale majani ya muhogo, iko na muchanga. Ilikuwa nao!) Akatuma neno: harudi mpaka niombe radhi. Mimi, radhi? Leo nikavaa kostimu, nikabana chini ya kwapa jogoo wa kuwapa wakwe, nikaenda kumuchukua bila radhi.

Karibu na kijiji chao, mvula! Nikakimbilia kile kinyumba cha betoni cha vita, juu ya daraja. Munakijua: ukuta munene, mulango mumoja, matundu ya kupitisha bunduki. Wazee wanabishana ni cha vita gani. Mimi najua tu kwamba aliyekijenga hakuiba simenti.

Nikavua kostimu, nikaikamua, nikaitandika kwenye tundu ipate upepo. Nikabaki na kaleso tu, nguo ya ndani. (Ile ya kijani. Musiulize.)

Nachungulia inje: mama mukwe! Anakuja mbio na kitunga cha mihogo, anatafuta pa kujificha mvula. Na kwetu mukwe hakutani macho na mama mukwe hata akivaa vizuri! Nitoke wapi? Mulango ni ule ule.

Nikanenepesha sauti tunduni: "Simama! Hapa iko askari! Rudi!"

Akasimama. (Mama huyo amekimbia vita nyingi kupita askari wenyewe.)

"Askari wa nani?"

"Wa... wa serikali!"

Jogoo akawika.

"Na huyo naye ni wa serikali?"

Nikamuziba jogoo mudomo.

"Baba Zaina, ni weye?"

"Hapana, mama!"

Hapo akageuka, akanipa mugongo kama heshima inavyotaka. "Basi toka. Mvula inanipiga."

"Siwezi, mama. Kostimu imeangukia inje."

"Nimeiona. Iko inaenda na maji."

Akafungua kikwembe chake cha juu, kitenge cha maua mekundu, akakipitisha tunduni, uso ukiangalia kule. "Funga. Utembee nyuma yangu, mbali."

Tukaingia kijijini hivyo: yeye mbele, mimi nyuma, kifua wazi, maua mekundu kiunoni, jogoo mukononi. Muke wangu alikuwa barazani. Akaniangalia juu, akaniangalia chini, akakaa kwenye matope kwa kicheko.

"Mama, umemuokota wapi huyu?"

"Mule ndani ya betoni. Alikuwa anachunga serikali."

Mutu akivaa kikwembe cha mama mukwe, atabishana na nani? Nikaomba radhi. Mbele ya majirani. Mara mbili, kwa sababu ya kwanza walisema hawakusikia.

Amerudi nyumbani. Iko jikoni sasa, anacheka, ananyamaza, anaanza tena. Yeye namuachia. Lakini nyinyi musicheke: kila mumoja wenu ana mama mukwe, na mvula haijaisha.