Mikono Niliyomtafutia Mwanangu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mwanangu amerudi kutoka chuoni uso umemshuka. Chakula hakukigusa. Nikauliza nani kafa. Akasema hakuna aliyekufa, ila wakaguzi wa ufundishaji walikaa nyuma ya darasa lake, wakaandika weee, kisha wakamwambia anaongea peke yake kama redio. Wanafunzi wanakodoa macho tu. Watarudi Alhamisi kumtazama tena. Wasiporidhika, hawamwongezei mkataba, na mwisho wa mwezi anafungasha.

Anafungasha! Aende wapi? Chuo kingine cha karibu hakuna. Akiondoka yeye, nyumba hii nabaki mimi na cherehani.

Nikamwambia redio nzuri kila mtu huisikiliza. Akatabasamu kwa shida. Akanieleza kwamba mambo yamebadilika, siku hizi mwanafunzi ndiye kitovu cha somo. Nikasema kitovu ninachokijua mimi ni chake yeye, kilichelewa kukauka mpaka nikakonda. Akacheka. Kisha akaingia chumbani, akafunga mlango. Nikamsikia akipenga kamasi. Si mafua yale.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Jirani yangu, Mama Profesa, kapita barazani. Mwanawe si profesa hata kidogo, anafundisha idara moja na wangu, lakini mdomo wa mama yake ulishampandisha cheo. Kasema wakaguzi walimmwagia sifa mwanawe, darasa lilichangamka kama soko. Akanipa pole. Pole ile ya mtu ambaye mguu wake unacheza ngoma chini ya kanga. Nikamwambia sketi yake bado haijawa tayari. Ilikuwa tayari tangu asubuhi.

Basi kumbe ni kuchangamka! Nimeelewa. Mimi niliishia darasa la nne, lakini hili nalijua: anayenyoosha mkono ndiye mwanafunzi, sisi wengine tulikuwa samani. Mwanangu anakosa mikono. Na mikono nitampatia mimi. Chuo kiko ng'ambo ya barabara, na nusu ya suruali za wanafunzi wake zimo kwenye kikapu changu.

Mchana akaja yule mrefu wanayemwita Mlingoti. Nikamwambia suruali yake naipunguza bure, ila Alhamisi anyooshe mkono kila mwalimu anapovuta pumzi. Akataka kujua aulize nini. Nikasema chochote, mradi kiwe swali.

Akanitazama. "Mama Fundi, hii si rushwa?"

Nikamwambia hili ni pindo.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Habari imesambaa. Wameleta sketi, mashati, mmoja kaleta begi lililochanika mkanda. Wote nimewaapisha: mkono juu, na mwalimu asijue. Nimeshona mpaka mgongo umekuwa upinde.

Mwanangu naye mchana kakaa sakafuni anakata kadi za karatasi ngumu. Nikauliza ni mchezo gani huo. Akaanza kunieleza, mambo ya vikundi, wao wajadiliane, yeye sijui afanye nini. Sikumsikiliza sawasawa. Nilikuwa nalisukuma lile begi kwa mguu chini ya meza asilione. Nikasema vizuri mwanangu, vizuri sana, kunywa chai ipoe isije... yaani kabla haijapoa. Nilishachanganyikiwa.

Akaenda na kadi zake kwa wanafunzi wa jioni. Amerudi anaimba kwa pua. Nikajisemea, imba tu mwanangu, na bado hujui mama yako amekuandalia nini.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Kukaa nilishindwa. Nilivuka barabara, nikainama chini ya dirisha la darasa kama mtu aliyedondosha kifungo kwenye majani.

Mwanangu akagawa kadi. Akawaambia wakae wanne wanne, walitatue swali wenyewe, yeye atanyamaza. Atanyamaza! Mbele ya wakaguzi! Moyo ukanipasuka. Nikamshukuru Mungu kwa ile mikono yangu.

Mlingoti akaanza. Akauliza kwa nini kadi ni za manjano. Mwanangu akamjibu, akawaomba waendelee na kazi. Mkono mwingine: kwenye mtihani kutakuwa na kadi? Mwingine: mwalimu alianza kufundisha lini? Mikono ikawa msitu. Kadi hakuna aliyeitazama. Mwanangu anajibu huku, anageuka kule, anajibu, sauti inamkauka. Mimi nje napiga makofi kwa vidole viwili.

Mkaguzi mkubwa, mama mmoja wa miwani yenye mnyororo, akamwinamia msichana wa sketi ya bluu. Akamuuliza mbona maswali mengi hivi, na mbona hayahusu somo. Msichana yule uongo hajafundishwa. Akasema yeye ana swali moja tu, la sketi. Wenzake wa suruali ndio wana mawili mawili.

Nikachuchumaa. Nikamsikia mwanangu akiuliza, polepole, sketi gani.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Imekwisha. Wakaguzi si watu wabaya, ndivyo anavyosema mwenyewe. Wameandika kwamba kipindi kizima bado aliongea peke yake. Pia kwamba darasa lilikuwa limepangwa. Aliwaambia hakujua. Mama wa miwani alimwamini, lakini hawezi kuandika asichokiona. Mkataba hakuna.

Nilisubiri anigombeze. Nilitamani anigombeze. Machozi nilishayaweka karibu. Hakunigombeza. Aliketi kwenye kiti cha wateja, akaokota kipande cha uzi, akawa anakizungusha kidoleni.

"Mama, zile kadi zinafanya kazi," akasema. "Niliwajaribu wale wa jioni. Nikanyamaza, wakaongea wenyewe. Mpaka yule bubu wa mstari wa nyuma akabishana."

Nikasema mimi sikujua.

"Nilikuwa nakueleza, mama."

Kisha akainuka akaenda kuosha vyombo. Ilikuwa zamu yangu.

Baadaye Mama Profesa akaja na pole. Safari hii pole yenyewe hasa. Akakaa, akanishika goti, habari za mwanawe hakuzitaja hata mara moja. Hapo ndipo nilipovunjika.

Jumamosi, tarehe 29 Machi

Ameondoka. Kapata chuo kidogo, mbali, safari ya kutwa na kipande. Kule stendi nilimrekebisha kola wee, na kola ilikuwa imekaa vizuri tu. Nikamwambia dereva aendeshe taratibu. Nikamwambia na utingo. Nikamwambia na mama aliyeketi jirani naye amwangalie, hajui kulala kwenye gari. Mwanangu akafumba macho kama anaumwa kichwa. Kisha akashuka tena, basi likiwa linaunguruma, akanikumbatia mpaka utingo akapiga bati.

Nyumbani nimepika chakula cha watu wawili. Nimekula changu.

Jumatano, tarehe 2 Aprili

Kapiga simu! Chumba chake kina dirisha. Maji yanatoka. Wanafunzi ni wapole, wapole mno. Halafu ulimi ukamteleza: huko nako wakaguzi wanapita, mwezi ujao. Akasema hana wasiwasi. Sauti ile naijua mimi niliyemzaa. Ana wasiwasi.

Nikamuuliza tarehe gani. Akaniuliza habari za cherehani. Nikamuuliza tena, kwa upole.

"Mama, usije."

Sawa. Siendi kama mama. Nimeshaulizia: chuo kile kinapokea watu wazima masomo ya jioni, na hawajali uliishia darasa la ngapi. Nitakaa nyuma kabisa, nimejitanda mtandio mpaka kwenye nyusi, hatanitambua. Kushonea watu hakuna. Kuhonga hakuna, nimeapa. Nitasikiliza tu, kama alivyotaka nimsikilize. Ila nikiona darasa limelala sana na wakaguzi wameanza kuandika, basi nitanyoosha mkono mmoja. Mmoja tu. Swali ninalo tayari, na si la kadi.