Naomba Kestrel Creek Ishindwe Jumamosi

Kwa Mhariri,
Gazeti la Sauti ya Kestrel Creek,
Nebraska.

Alhamisi, wiki ya mechi.

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu za heshima kutoka kwa mtu aliyelisoma gazeti lako kwa miaka arobaini na minne, ambaye hajawahi kukuandikia isipokuwa mara ile mlipochapa picha ya ng'ombe wangu mkaandika chini yake jina la meya. Mimi nilishasamehe. Meya bado.

Jumatatu uliwauliza wasomaji: je, timu ya futiboli ya Kimarekani ya chuo chetu, ambayo msimu huu inakimbia na mpira tu bila kuurusha, inaweza kuwashinda Saint Aldric, waliotupiga miaka ishirini na miwili mfululizo? Watu sitini na watatu wamekujibu kwamba haiwezi. Mmoja alijibu kwa mchoro, na nakupongeza kwa kutouchapa. Mimi ni wa sitini na tano, na nasema inaweza. Tena nina hofu kubwa kwamba Jumamosi itashinda kweli. Ndiyo maana nakuandikia kulalamika, na kukuomba kwa unyenyekevu utumie kalamu yako tushindwe kama kawaida yetu.

Usicheke. Tukishinda, kuna mtu nitampoteza. Nitamtaja kwenye lalamiko la tano. Tafadhali usirukie huko moja kwa moja, maana haya mengine nimeyaandika kwa jasho.

1. Mchezo huu hauna adabu. Saint Aldric wanakuja kwetu kama wageni, pamoja na mrushaji wao, kijana Brecken Lindqvist, ambaye mkono wake unaweza kuutoa mpira uwanjani ukautua juu ya ghala la nafaka. Watu wanasafiri nusu siku kumwona akirusha. Na Kocha Tiedtke wetu anafanya nini? Anaushikilia mpira hauachii. Anampa Dale Ostrander. Dale anainamisha kichwa, anajitosa katikati ya watu, anaangukiwa na watu wanane. Wanamfukua. Anapewa tena. Anaangukiwa tena. Robo nzima inakwisha hivyo, na mgeni wetu Lindqvist amekaa kwenye benchi amejifunika blanketi kama mtu wa homa. Unamwalika mtu nyumbani kisha unamnyima mpira! Mama yangu angetuchapa wote, kuanzia na kocha.

2. Hesabu ya jambo hili inatisha. Kama ujuavyo, timu hupewa majaribio manne kusogea yadi kumi, na ikifaulu hupewa mengine manne. Sasa Dale, kila akiangukiwa, huwa amesogea yadi tatu na nusu. Hazidishi, hapunguzi. Nilichukua penseli nikazidisha tatu na nusu mara tatu, nikapata kumi na nusu. Nikarudia kwa kalamu ya wino. Kumi na nusu. Nikaenda kwa Bi Ardith Kolterman, aliyefundisha hesabu watoto wa mji huu wote, akanitazama akasema: "Darrell, hayo hata mjukuu wangu wa darasa la tatu angekueleza. Na hebu toka na hivyo viatu vya tope jikoni kwangu."

Maana yake, Ndugu Mhariri, jaribio la nne hata halihitajiki. Kijana anayesogea yadi tatu na nusu bila kuzuiwa anaweza kutembea mdogo mdogo hadi mwisho wa uwanja, afunge, na saa iwe imekula nusu ya mchezo. Saint Aldric wana vijana wakubwa kutuzidi, wana mbio kutuzidi, wana hata mpishi wao wenyewe. Lakini hakuna aliyewahi kufunga akiwa amekaa kwenye benchi.

3. Chili, ule mchuzi wetu wa nyama na maharage wa wakati wa mapumziko. Mpira ukirushwa ukadondoka, saa inasimama. Ukikimbiwa nao, saa inaendelea. Kwa hiyo siku hizi mapumziko yanafika dakika ishirini kabla ya maharage kuiva. Mechi iliyopita akina mama wa kanisa walitugawia chili ambayo ililia mdomoni kama kokoto, na mikate ya mdalasini ikiwa bado unga katikati. Bwana Pospisil ameng'oka jino. Bi Ardith, ambaye ndiye mwenye sufuria, alisimama na mwiko wake akapaza sauti hadi viti vya juu: "Mwambieni Tiedtke maharage yangu hayakimbii!" Kocha alimpungia mkono akidhani anashangiliwa.

4. Mji wetu haujajiandaa kushinda. Sisi kushindwa tunakujua. Mchungaji ana mahubiri yake ya faraja ya Jumapili inayofuata, ameyatoa mara ishirini na mbili, na tunajua ni wapi pa kusinzia na wapi pa kuamka kuitikia amina. Meya ana hotuba yake ya "mwakani". Bendi ya chuo haijui wimbo wa ushindi. Jumanne niliwasikia wakiujaribu nyuma ya maktaba, nikadhani lori linarudi nyuma. Mimi binafsi nina uso wa kushindwa uliokaa vizuri kabisa. Uso wa kushinda sina, na kwa umri wa miaka sabini na mmoja sioni pa kuutoa.

5. Kaka yangu. Nimefika.

Kaka yangu mkubwa anaitwa Vernon Sedlacek, anakaa ng'ambo ya mto, maili tisa kutoka mlangoni kwangu. Mwaka 1973 yeye aliichezea Saint Aldric na mimi niliichezea Kestrel Creek, siku moja, uwanja mmoja. Tulishinda saba kwa sita. Jioni ile mama, ambaye alikaa katikati ya viti vya pande mbili akiwa na kofia ya timu hii kwenye goti moja na ya timu ile kwenye goti jingine, alitoa amri: aliyeshindwa atabeba sufuria ya chili na sinia la mikate ya mdalasini, atavuka daraja, atakwenda kula mezani kwa aliyeshinda, akiwa amevaa kofia ya timu iliyoshinda. Vernon alikuja. Alikula na kofia yetu imemfunika hadi masikioni, na mama alicheka hadi akaombwa akae chini.

Amri hiyo hatujaivunja hata mwaka mmoja. Hata baada ya mama kufariki, miaka kumi na tisa iliyopita, tulipokosana juu ya trekta la baba. Sitaki kuingia kwenye habari ya trekta. Nitasema tu kwamba lilikuwa jekundu, lilikuwa langu, na Vernon alilivusha mto akalipaka rangi ya buluu ya Saint Aldric. Tangu siku hiyo hatupigiani simu. Hatuandikiani kadi. Krismasi tunapeana salamu kupitia wake zetu, kama nchi mbili. Lakini kila Novemba, Jumamosi ya mechi, timu yangu inashindwa, mimi nabeba sufuria, navuka daraja, nabisha hodi. Anafungua mlango na kuniambia: "Ah, Darrell! Karibu. Umekonda, au ni huzuni?" Namjibu: "Weka sahani, wewe mwizi wa trekta." Tunakula. Tunabishana juu ya mchezo hadi chili inapoa. Baada ya saa mbili hivi narudi nyumbani.

Hayo ndiyo maongezi yangu yote na kaka yangu kwa mwaka mzima. Saa mbili. Na tunazipata kwa sababu tunashindwa.

Sasa fikiria tukishinda. Ni zamu yake kubeba sufuria. Vernon hajavuka daraja lile tangu siku ya trekta, na alishasema mbele ya watu, pale kwa kinyozi wao: "Siku mtakayoniona navuka na chili kwenda kwa Darrell, mjue mnanivusha nimelala ndani ya sanduku." Ni mtu mwenye kichwa kigumu. Nalijua hilo kwa sababu tumetoka tumbo moja. Hatakuja. Nami siwezi kwenda, maana aliyeshinda hubaki nyumbani, ndiyo amri ya mama.

Mwezi wa Aprili madaktari walimpasua moyo. Mimi nilipata habari siku ya nne, kwa shemeji. Niliwasha gari, nikafika katikati ya daraja, nikageuza. Sikuwa na sufuria. Sikujua mtu anabisha hodi namna gani pale akiwa mikono mitupu. Naona aibu kuandika hivyo kwenye gazeti, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nataka nimwone kaka yangu mwaka huu kuliko mwaka wowote, na Dale Ostrander na yadi zake tatu na nusu wamenizibia njia.

6. Uchochezi. Nimepata habari za uhakika kwamba mbinu hii haikutoka kichwani mwa Tiedtke. Mwezi wa Agosti alikwenda nyumbani kwa mzee fulani wa hapa mjini, akamwuliza ni vipi Saint Aldric walishindwa mwaka 1973. Mzee huyo, badala ya kumpa kahawa na kumsindikiza, alimwaga maharage mabichi mezani, akapanga kumi na moja huku na kumi na moja kule, akamwonyesha jinsi mlinzi wa kulia anavyoacha nafasi yake, anapita nyuma ya wenzake, na kwenda kumfungulia njia mkimbiaji upande wa kushoto. Walikaa saa tatu. Mkewe alilazimika kuomba maharage yake ili apike. Naomba mzee huyo atafutwe na akaripiwe hadharani.

Kwa hayo yote, naomba gazeti lako limshauri Kocha Tiedtke yafuatayo kabla ya Jumamosi: arushe mpira mara ishirini kwa uchache, na ikiwezekana aurushe kwa Saint Aldric. Dale apumzishwe, ameangukiwa vya kutosha, na mama yake yumo humu mjini. Kama kocha hawezi kuacha kukimbia, basi vijana wake walishwe chili kabla ya mchezo badala ya baada, tuone watafika wapi.

Natanguliza shukrani. Nisalimie mkeo, wachapaji wote, na yule binti wa picha aliyemchanganya ng'ombe na meya. Mwambie hana kosa, wanafanana. Marlys, mke wangu, anawasalimu pia, na anasema nitaje kwamba yeye hakubaliani na barua hii hata mstari mmoja.

Wako katika masikitiko ya mapema,

Darrell Sedlacek,
Mlinzi wa kulia, Kestrel Creek, 1973.

Nyongeza, Jumapili, baada ya ibada:

Ndugu Mhariri, barua hii haikukufikia kwa sababu niliisahau kwenye mfuko wa koti, na koti nililirusha hewani Dale alipofunga. Nimeletewa leo kanisani. Kumi na saba kwa kumi na nne! Mbio hamsini na nane, na mrusho mmoja tu, ambao ulidondoka, na wote tukamzomea kocha kwa tamaa yake. Ile mbio ya mwisho ilipita kushoto. Mlinzi wa kulia alizunguka nyuma kama yalivyozunguka maharage yangu. Ndiyo, ni mimi. Nikaripie.

Nilirudi nyumbani nikakaa barazani na uso wangu wa kushindwa, kwa kuwa ndio nilionao. Saa kumi na moja jioni nikasikia ngurumo barabarani. Ngurumo hiyo naijua tangu utotoni. Nikasimama. Vernon alikuwa anakuja juu ya trekta la baba, buluu tupu, mwendo wa kobe, sufuria kaibana kwa magoti, sinia kalifunga nyuma kwa kamba, na foleni ya magari kumi na manne nyuma yake yakipiga honi. Akazima injini akasema: "Daktari kanikataza kuendesha gari. Trekta hakulitaja." Nikamwuliza, na lile sanduku ulilosema? Akasema: "Nimekosa seremala. Sogea, chili inapoa."

Alikula na kofia yetu. Ilimkaa vizuri, amekonda. Aliuliza nani aliyemfundisha kijana yule kuzunguka kushoto. Nilipokiri, alichota chili, akasema: "Nilijua tangu robo ya kwanza. Nilikuwa nimeanza kupika kabla ya mapumziko." Tulikaa saa nne, si mbili.

Marlys alimrudisha kwa gari. Trekta limebaki uani kwangu. Vernon anasema sheria ni sheria, hatavuka mto kulichukua mpaka awe na sufuria mkononi.

Kwa hiyo futa malalamiko yote, isipokuwa la tatu, maana maharage ya jana yalikuwa mabichi vilevile. Na mwambie Kocha Tiedtke kwamba mwakani nikimwona anarusha hata mpira mmoja, nitakuandikia barua ya kulalamika.